Motere Yenye Ilipakwa Rangi ya Kucha

Ile gari yenu ndogo ya juzi, yenye ilipita mbele ya mulango yangu na kufukuza kuku ya jirani, niliiona. Musizani muzee alikuwa amelala ku kiti. Niliisikia hata kabla ya kuiona, na nikasema mu roho yangu: aii, hii motere haina makaa! Na kweli, mulipoifungua, hakukukuwa mule hata kimoja cha bile bikaa bidogo byenye tulikuwa tunapigana nabyo miaka yote, byenye kugusa motere na kuipa umeme. Sumaku njo inazunguka, waya imetulia. Niliikamata mu mukono muda murefu, nyinyi mukacheka: "Muzee anaisalimia."

Ndiyo, nilikuwa naisalimia. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza radio, lakini ugonjwa yangu ilikuwa bile bigari bidogo bya komande, toy zenye unaongoza toka mbali, na mwenye kushikwa na ugonjwa ile haponi. Zamani nilikuwa naomba Mungu anitoshee ile ugonjwa, aiondoe. Sasa nimeacha kumusumbua.

Kisha mukaona ile motere ku rafu, yenye kuungua, nyeusi inje na nyekundu tumboni, mukaniuliza juu ya nini siitupe. Basi ikaeni. Mwenye kuwa na haraka aende, mulango iko wazi.

Wakati ya vita, Baraka, muji yetu hii ya kando ya ziwa, haikukuwa na duka ya bitu kama hii. Bigari ilikuwa inatoka Kigoma, mu mabalo ya nguo ya kuvaliwa, zile mitumba. Mama anafungua balo, anatafuta bilauzi, kumbe katikati iko kigari yenye kukosa guruduma moja, na komande yake iko mu balo ingine, ku Mboko. Mi nilikuwa nazunguka kuifuata. Bantu balicheka mpaka machozi: "Fundi muzima, iko na ndevu, anaenda mpaka Mboko kutafuta toy!" Na bengine: "Haraka haraka haina baraka, fundi, na we uko Baraka!" Nilibajibu kwamba njo maana nakimbia, nisiikose.

Sikieni siri ya kwanza, hata kama motere yenu mupya inazungushwa na mashini kule mbali. Fungua motere ya toy ya zamani. Ndani utakuta chuma ya vichwa tatu, na kila kichwa imezungushiwa waya ya shaba, nyembamba sawa unywele. Waya nyembamba, mizunguko mingi: gari inaenda pole, na mawe inadumu. Mawe nataka kusema mawe ya radio, zile betri ndogo munaita pile. Sasa toa ile waya yote, weka nene, mizunguko michache. Motere inakuwa kichaa! Inakimbia, inalia, na inakula mawe sawa muntu mwenye kutoka malaria anakula fufu. Hakuna kasi ya bule, banangu. Gari yenye kwenda mbio sana inafika na njaa.

Nani alinifundisha kuzungusha? Papa Wilondja, mushonaji wa nyavu, muntu ya Ubwari. Vita ilimutosha kule na kumuleta mu nyumba ya jirani yangu. Alikuja na radio yake nimutengenezee, akanikuta nazungusha waya na inakatika, nazungusha na inakatika, na mi natukana. Aliniangalia kidogo. Kisha akavua ndala, akaketi chini, akapitisha waya ku dole kubwa ya mguu, vile bashonaji ya nyavu banashikaka uzi. Mukono inazungusha, dole inavuta kidogo, inaachilia kidogo. Waya ililala safu kwa safu, hakuna hata moja yenye ilipanda mugongo ya mwenzake.

Nilibaki mudomo wazi. Mu ile dole kulikuwa mizani yenye haiuzwe popote, na muzee alikuwa anatembea nayo mu matope miaka yote bila kuiringia.

"Ukivuta sana, inakatika," aliniambia. "Ukiachilia sana, inafungamana. We sikiliza. Uzi inasemaka."

Tangu pale nilizungusha motere zote na mguu. Bantu benye kuleta radio balikuta fundi iko chini, mguu moja imeinuka, ulimi inje, na balirudi nyuma polepole bakizani nimepandwa na pepo.

Sasa kosa. Motere ikizunguka kasi sana, waya inataka kurukia inje. Lazima uifunge na kuipaka kitu yenye kuishika. Mi mutoto wa ziwa, nilijiuliza: mutumbu ikivuja, tunafanya nini? Tunaziba na pamba na mafuta ya mawese. Haya! Nikaziba motere na pamba na mawese, nikaisukumiza vizuri na ncha ya kisu, sawa mutumbu yenye kuenda Kigoma. Ilikimbia mbio ya ajabu kutoka mulango mpaka mupapai. Pale ikapata moto, mafuta ikayeyuka, ikashukia bikaa, na moshi ikatoka. Harufu! Sombe kabisa, ile mboga ya majani ya muhogo. Mama moja alipitisha kichwa ku dirisha: "Fundi, leo we njo unapika?" Riziki, mudogo yangu, alicheka mpaka akaketi chini.

Lakini ni yeye aliniletea dawa. Riziki alikuwa anapendaka kupaka kucha yake rangi nyekundu, vernis, yenye bwana yake alimutumia kutoka kambi ya bakimbizi ngambo ya ziwa. Aliniambia, mi mukubwa yake: "Yaya, hii ikikauka, hata kufua nguo siku muzima haiitoe. Jaribu tone moja." Tone moja! Nilipaka motere, ikakauka, ikakuwa ngumu sawa kioo, na haikuyeyuka. Tangu ile siku kila motere yangu ya kasi ilikuwa nyekundu tumboni. Riziki anaficha chupa, mi naitafuta, naikuta, anaihamisha. Vile njo tuliishi.

Na kitu ingine, kabla sijasahau. Bile bikaa, bikigusa motere yenye kwenda mbio, binatoa cheche, na kila cheche inapiga kelele mu hewa. Gari inasikia ile kelele kuliko sauti ya komande. Gari yangu ya kwanza ya kasi kweli ilichizika ku kando ya ziwa: mi naiambia simama, yeye anaenda, naiambia kushoto, yeye anaenda. Iliingia mu ndagala yenye bamama balianika, ikatokea upande ingine imevaa samaki. Bamama balinifukuza na fagio. Dawa yake ni condensateur ndogo, zile bidonge bidogo bya mu radio yenye ilikufa. Unaweka ku miguu ya motere, binameza kelele. Nikaweka, na gari ikaanza kunisikia. Nilijivuna sana. Nilikuwa nasimama ku muchanga, antene juu, nasema: muone, inanitii! Nikifinya na kidole hapa, kitu inageuka kule, na katikati yetu hakuna kamba, hakuna kitu, hewa tupu. Mi mwenye kuifanya, nilikuwa naona kila mara sawa muujiza. Na bado naona vile.

Sasa bwana yake alikuja siku chache na kurudi ngambo, Riziki akabaki na mimba, na siku ya kuzaa ikikaribia mutoto akalala kingamo mu tumbo, kichwa kando. Dokta, muntu ya pole mwenye alibaki Baraka wakati bengine balikimbia, alimupapasa tumbo na kutikisa kichwa.

"Huyu hawezi kuzaliwa kwa njia yake. Lazima nimupasule. Nikingoja, nabapoteza bote mbili."

Kumupeleka ku lopitali kubwa ya Uvira? Barabara ilikuwa imefungwa. Ziwa? Mitumbu ilikuwa inapigwa risasi. Kulibaki kumupasula pale pale, Baraka. Lakini gurupu ya lopitali, ile mashini ya kutoa umeme, ilikuwa imeibiwa. Na chumba ya kupasulia, madirisha yake yote ilizibwa na mifuko ya muchanga ya kuzuia risasi. Mule kulikuwa giza hata jua likiwa katikati ya mbingu. Tena mashini yenye kunyonya damu inataka umeme.

"Sipasulake muntu kwa kupapasa," Dokta alituambia. "Muniletee umeme, mi nitafanya yangu."

Umeme ilikuwa karibu, njo vile ilituuma! Ngambo ya barabara kulikuwa mulini ya kusaga unga, na gurupu yake kubwa yenye kufungwa chini na saruji. Mwenye mulini alikubali. Basoda, ni kusema baaskari, benye kulinda pale balikubali pia, juu nabo balikuwa banakula unga ya ile mulini. Shida ilikuwa barabara. Tulipitisha waya juu: lori yenye kujaa mizigo, na bantu juu ya mizigo, ikaing'oa, karibu iue muntu. Tuliilaza chini: magurudumu ikaikata. Kuchimba? Wakati ile, muntu mwenye kuinama na jembe ku barabara alikuwa anapigwa risasi bila kuulizwa jina. Bote balijua ni mabomu njo inafukiwaka pale.

Kulibaki buse, ile bomba ya saruji yenye kupitisha maji ya mvua chini ya barabara. Ilikuwa kavu, mvua ilikuwa bado mbali. Lakini tangu vita hakuna mwenye aliifagia. Muchanga iliijaza, ikaacha nafasi ya kuku tu kupita. Tulisukuma mwanzi, ikakwama. Tulifunga kamba ku mguu ya bata, tukamuingiza. Bata alienda, alienda, tukaanza kupiga makofi. Kisha akaketi katikati, sababu kule iko baridi nzuri. Tulimuvuta kinyumenyume, akatoka na hasira, akaniuma.

Niliazima kioo ya Riziki, nikatupia jua mule ndani, upande huu, kisha upande ule. Nikaona. Katikati kulikuwa kilima ya muchanga, na nyuma ya kilima shimo, pahali bomba mbili ziliachana. Kitu yenye kwenda pole ingepanda kilima na kuanguka mu shimo. Kitu yenye kasi ingeruka.

Nilisimama na kioo mu mukono. Kitu yenye kasi! Miaka yote bananicheka, na mi mwenyewe najicheka, kumbe nilikuwa natengeneza kitu moja tu mu Baraka muzima yenye ingeweza kupita pale.

Nilileta gari yangu ya kujivunia. Papa Wilondja alipanga uzi ya nailoni mu beseni, duara juu ya duara, juu ya kitambaa yenye maji, vile bavuvi banapangaka kamba ya ndoano ili isifungamane. Mupango ilikuwa hii: gari inavuta uzi, uzi inavuta kamba, kamba inavuta waya ya umeme. Gari ikaingia inaimba. Kisha kimya. Nilifinya komande. Bule. Nilisukuma antene mpaka mu mudomo ya buse. Bule kabisa! Sauti ya komande haikuingia mu saruji na chuma, ilikuwa inakufia ku mulango. Tulivuta gari kwa uzi yake sawa tulivyovuta bata.

Nilianza kusema juu ya antene murefu, juu ya kuongeza nguvu ya komande. Fundi ya radio anatafutaka dawa ya radio. Papa Wilondja alikuwa anakusanya uzi, hakuniangalia.

"Fundi, juu ya nini unataka kuishika mukono mpaka kule?"

"Muzee, bila komande, itajuaje kwenda?"

"Mi nikishatupa wavu, nashikaka nini? Kazi yote inafanyika kabla ya kuachilia."

Ilinichoma. Kuitosha radio ndani ya gari, mi! Lakini nilimuangalia ule muzee na dole yake, na nikajua amesema kweli. Nilitosha radio yote. Na ona ajabu: zile transistor, kila moja ilikuwa inakula kidogo ya nguvu njiani, sasa motere ingekunywa yote. Magurudumu ya mbele niliifunga na uzi ya nyavu, inyooke mbele tu. Kisha nikazungusha motere mupya, na waya nene kuliko zote zenye nilishajaribu, nimeitosha mu tumbo ya radio kubwa yenye ilikufa. Mizunguko ilikuwa michache mpaka Papa Wilondja akauliza: "Imekwisha?" Motere ya namna ile haikae. Inakimbia mara moja, inaungua. Lakini bila vernis, ingepasuka hata kabla ya kuanza.

Uchungu ilikuwa imemushika Riziki ile asubui. Nilimukuta ku kitanda ya lopitali, jasho inashuka ku shingo.

"Riziki, chupa."

Alijua chupa gani. Aliitosha chini ya muto. Kulikuwa kumebaki kidogo tu, yenye alikuwa anaweka kwa siku bwana yake atarudi.

"Yaya, ukiimaliza, mi nitapasuliwa na kucha tupu sawa mwanaume?"

"Iwe tupu!" Dokta alisema nyuma yetu. "Mi nataka kuona kucha yenyewe. Kucha njo inaniambiaka kama damu iko inatembea."

Riziki aliiangalia ile chupa, akaitia mu kiganja yangu na kunifunga vidole.

"Maliza basi. Lakini ikimbie."

Kulikosa mawe. Nyinyi hamujui kuanika mawe ku mabati ya nyumba, ili jua iirudishie nguvu kidogo. Yangu ilikuwa imeanikwa mpaka imepauka, haingeweza kuzungusha ile motere hata mara moja. Batri yenye nguvu ilikuwa moja tu karibu pale: ya talkie-walkie, ile radio ya mukono ya basoda. Mwenye kuitunza aliitwa Gadi, kijana ya milimani, mutoto wa bafugaji ya ng'ombe. Siku zile, bantu ya kwetu na bantu ya kwao hatukuwa tunasalimiana bila kupima maneno. Lakini Gadi alikuwa analetaka talkie yake kwangu, na kila mara macho yake ilikuwa inakimbilia bigari. Nilienda. Nikamuambia yote.

Aliangalia kwanza kule mukubwa yake alikuwa amelala. "Mukubwa akiniita na mi sijibu, unajua itakuwa nini."

"Najua."

"Ni dada yako?"

"Mudogo yangu. Tumbo moja."

Alichomoa batri, akaificha chini ya kofia yake na kunipa kofia yote. "Uirudishe kabla mukubwa hajaamuka usingizi ya muchana. Na mi nataka kuwa kule inatokea. Nataka kuiona."

Papa Wilondja alivuka barabara na wavu ndogo ya mukono, akaketi ku mudomo ingine ya buse, Gadi pembeni yake. Mi nilibaki na gari, uzi imefungwa nyuma yake. Nikagusanisha waya mbili.

Banangu, nilishasikia motere mingi. Ile sikuisikia tena. Haikulia, ilipiga muluzi. Ilitetemeka mpaka ku bega yangu, magurudumu ikanirushia muchanga ku macho. Mikono yangu yote ilikuwa inasema ishike, ishike. Nikaachilia.

Nilipanda mbio ku barabara, nikalala kifudifudi, sikio ku udongo. Bantu balisema: ona, fundi amechizika. Nilisikia muluzi chini ya kifua yangu, unakuja. Kisha unashuka sauti: inapanda kilima. Unashuka, unazidi kushuka, sawa muntu mwenye kuchoka. Mungu wangu! Halafu muluzi ukapanda juu, juu sana, na nikajua magurudumu haigusi kitu. Iko mu hewa. Iko mu hewa mule mu giza, hakuna mwenye kuiona, hakuna mwenye kuiongoza, na mi niko juu yake na mikono mitupu. Sijui ilikaa mule muda gani, labda kupepesa jicho, lakini sehemu yangu ingine iko ingali pale mpaka leo. Kisha, tap. Sauti ikarudi chini, ikashika njia.

Yenye ilifuata, nilielezwa na Papa Wilondja. Soda moja mwenye hakuambiwa alisikia kitu inapiga muluzi chini ya barabara, akainua bunduki. Gadi akaweka kiganja yake ku mudomo ya bunduki: "Wacha! Ni toy! Toy ya batoto!" Gari ikachomoka, ikaruka, na muzee akaidaka mu wavu. Iliendelea kuzunguka mule, inatafuna nyuzi, mpaka akang'oa waya. Moshi ilikuwa inatoka. Gadi aliipokea mu biganja bibili, ikamuchoma, hakuiachilia.

"Iko moto," alisema, "sawa ndama yenye kuzaliwa sasa."

Batri niliirudisha mukubwa akiwa angali anakoroma. Siyo muda murefu, kikosi yao ikahama, na Gadi sikumuona tena. Nimeuliza bantu ya milimani mara mingi. Kama iko hai, na akipita hapa, ile motere ku rafu ni yake pia.

Uzi ikavuta kamba, kamba ikavuta waya, mulini ikanguruma, na mu ile chumba ya giza taa ikawaka. Bamama benye balikuwa ku mulango balipiga vigelegele, kisha bakajiziba midomo, juu kazi yenyewe ilikuwa bado.

Nilitaka kutoka. Dokta alinishika na macho. "We fundi, baki. Umeme ikicheza, uitengeneze. Na kama huwezi kuangalia tumbo, angalia kucha yake. Ikibadilika rangi, sema, usingoje."

Nilipiga magoti, nikakamata mukono ya mudogo yangu. Alikuwa amelala na dawa. Kucha ilikuwa tupu, safi, ya rangi yake mwenyewe, yenye sikuwa nimeiona tangu alikuwa musichana. Niliiangalia sawa vile sijaangalia kitu mu maisha yangu. Nyuma yangu nilisikia visu, nikasikia maji, kisha mutoto akalia, kwanza sawa paka, halafu sawa muntu. "Binti," mama moja alisema. Sikugeuka, juu kucha ilikuwa inaanza kupauka.

"Dokta, rangi inaenda!"

"Naona damu. Wewe endelea kusema."

Ikakuwa nyeupe. Kisha ikashika bluu, kama ziwa kabla ya mvua. Nilisema, nilisema tena, sauti yangu sikuijua. Mashini ya kunyonya ilikuwa inavuma, inavuma, na nilijua kila muvumo yake inapita chini ya barabara, juu ya kile kilima na ile shimo, mu ile giza. Sikukuwa na komande. Hakukukuwa kitu ya kufinya. Mikono ya Dokta tu njo ilikuwa inasema.

Niliiona ku dole kubwa kwanza. Ku shina ya kucha, mustari mwembamba, siyo nyekundu, lakini karibu na nyekundu. Nilifikiri ni machozi inanidanganya. Nikajipangusa na bega, juu sikutaka kuachilia mukono. Mustari ikapanda, ikaingia mu kucha muzima, kisha dole ya pili, kisha ya tatu.

"Inarudi," nilisema. "Dokta, inarudi!"

Niliendelea kuangalia hata baada ya Dokta kumaliza kushona na kuvua mapira ya mikono, hata baada ya kunigusa bega na kusema, "Fundi, imetosha." Jua lilikuwa linaelekea kushuka kule inje wakati Riziki alifungua macho. Alimuangalia binti yake, muda murefu. Kisha akaniona mi, bado niko na magoti chini, nimeinamia vidole yake.

"Yaya," alisema, na sauti ilikuwa pumzi tu, "unaangalia nini? Si uliimaliza yote."